Kizingiti: istilahi ya hisabati kwenye mashamba ya mpunga

Magazeti yetu yamelizoesha neno kizingiti kazi moja tu, kuzuia: ada ni kizingiti kwa mwanafunzi, ushuru ni kizingiti kwa mfanyabiashara. Katika hisabati ya mifumo badilifu, yaani mifumo ambayo hali yake ya kesho huzaliwa na hali yake ya leo, neno hilo linarudi karibu na ule ubao wa chini wa mlango. Ni thamani ya kipimo ambayo chini yake mfumo huelekea upande mmoja, na ikishavukwa, mfumo huelekea upande mwingine kabisa. Wapo wanaopendelea kusema kikomo au kiwango cha juu. Lakini kikomo ni pale jambo linapoishia, na kiwango cha juu ni idadi isiyotakiwa kuzidi. Yote mawili hayasemi kwamba kuna kitu kinageuka. Mimi nashikilia kizingiti, kwa sababu katika Bonde la Kilombero, Tanzania, kugeuka huko ndiko kunakoamua mkulima wa mpunga adaiwe nini, na asidaiwe nini.

Aliyeiingiza dhana hii katika malaria ni Ronald Ross, daktari aliyethibitisha mwaka 1897 kwamba vimelea vya ugonjwa huo hukua ndani ya mbu. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 alionyesha kwa milinganyo kwamba si lazima mbu wote wauawe ili malaria iishe. Mgonjwa mmoja, kupitia mbu, akiambukiza kwa wastani watu pungufu ya mmoja, ugonjwa hufifia wenyewe hata kama mbu bado wapo. Akizidisha mmoja, hushika mizizi. Hiyo moja ndiyo kizingiti. Miaka ya 1950 George Macdonald aliongeza jambo zito zaidi. Vimelea huhitaji kama siku kumi ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Tuseme mbu tisa kati ya kumi huiona kesho: baada ya siku kumi, katika kila mia watabaki 35. Wakiwa wanane kati ya kumi, watabaki 11 tu, na hao nao wataishi muda mfupi zaidi wa kuuma watu. Ukizidisha hayo mawili, uwezo wa kueneza ugonjwa umeshuka takriban mara saba, ingawa kilichobadilika ni mbu mmoja zaidi katika kumi kufa kila siku. Hesabu hiyo hukata pande zote mbili. Katika mfano huu, chandarua chenye dawa hutushusha mara saba. Dawa ikiacha kuua, tunapandishwa mara saba zilezile.

Kilombero inayajua yote mawili. Mradi wa KINET, ulioanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulionyesha kwamba vyandarua hivyo viliendana na nafuu ya asilimia 27 katika uhai wa watoto kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Leo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wanaripoti kwamba sehemu kubwa ya maambukizi yaliyobaki bondeni huletwa na mbu aina ya Anopheles funestus, na kwamba mbu huyo amekuwa sugu dhidi ya pairethroidi, kundi la dawa linalopakwa kwenye vyandarua. Pairethroidi ni nakala ya kiwandani ya sumu ya ua la pareto, zao linalolimwa juu huko Mufindi, na ndizo pia zinazouzwa kwa mkulima katika chupa ndogo zenye majina mengi. Mkulima anayekwenda duka la pembejeo kutafuta dawa ya bungua, mdudu anayetoboa mabua ya mpunga, ana nafasi kubwa ya kurudi na kemikali ya jamii ileile iliyo kwenye chandarua chake. Anaichanganya katika bomba la mgongoni, anapuliza, kisha anasuuza bomba mfereji ulipo karibu. Viluwiluwi vilivyomo majini hupata dozi hafifu. Dhaifu hufa, sugu huota mabawa. Wengine hupuliza hata mpunga uliokwisha shika kimyanga, ugonjwa wa virusi, wakati hakuna dawa ya wadudu inayoponya virusi.

Je, mkulima huyo ametenda kosa? Hapo ndipo mazoea yetu ya kimaadili yanapokwama, kwani yamejengwa juu ya uwiano: madhara madogo, lawama ndogo. Bomba moja halisogezi chochote kinachopimika, na kwa uwiano huo kila mmoja ana haki ya kulala usingizi. Lakini mfumo wenye kizingiti hauhesabu hivyo. Mabomba elfu yanaweza yasionyeshe dalili, kisha msimu mmoja chandarua kikakosa nguvu, na hakuna atakayeonyesha bomba lililovusha. Kumtafuta mkosaji katika hali hiyo ni kazi bure. Swali lenye jibu ni jingine: tuko umbali gani na kizingiti, na nani anautunza umbali huo? Wepesi wa mbu kufa kwa dawa ni mali ya wote, na kila anayepuliza anachota humo.

Kuna pingamizi tatu zinazostahili jibu. Ya kwanza inasema vyandarua vyenyewe ndivyo vilivyozaa usugu, kwa kuwa funestus hupenda maji ya kudumu zaidi kuliko jaruba, hivyo hakutani sana na dawa za shambani. Hilo lina ukweli, na ndiyo sababu simtwishi mkulima mzigo wote. Lakini chandarua huchota wepesi huo kuokoa mtoto, na kupuliza kimyanga huuchota bila kuuponya mpunga. Ya pili ni kwamba kilimo cha mpunga huleta mbu, basi tukilaumu tulaumu jaruba lenyewe. Ushahidi wa Moshi Chini unaipinga: miaka ya 1990 vijiji vyenye skimu ya umwagiliaji vilikuwa na mbu wengi kuliko kijiji cha nyika, na bado malaria ilikuwa pungufu. Watafiti waliihusisha hali hiyo na aina ya mbu waliokuwepo, na pia na kipato cha mpunga kilichowawezesha watu kununua vyandarua na dawa. Wingi wa mbu peke yake si kipimo cha ugonjwa.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba vijiji vingi vya bonde viko juu mno ya kizingiti, hivyo hisabati ya ukingoni haivihusu. Lakini mjini Ifakara, ndani ya bonde hilohilo, maambukizi yameshuka sana, huku vijiji vya pembezoni vikiendelea kuugua. Familia zinazohamia shamboni msimu wa kilimo, zikilala vibandani, hupita kati ya pande hizo mbili kila mwaka. Hata vyandarua vipya vyenye klorofenapiri, vilivyofanya vizuri katika majaribio ya Misungwi, vinatumia kemikali iliyoanza kazi mashambani. Ikiwa mkulima ataombwa aache dawa fulani ili chandarua kiendelee kufanya kazi, atavuna pungufu au atanunua dawa ya bei kubwa zaidi, na watakaofaidika ni pamoja na watu wa mjini wasiolima hata jaruba moja. Gharama hiyo inapaswa kutoka kwenye bajeti ileile inayonunua vyandarua.