Ulingo una wenyewe: Mike McTigue na mkanda wa Dublin

Kuna utani mmoja wa ngumi usiochuja. Unamhusu Battling Siki, bondia wa Senegal, ambaye mwaka 1923 alikubali kutetea ubingwa wa dunia dhidi ya Mwairishi, mjini Dublin, tarehe 17 Machi, yaani sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Waairishi wote. Anayeusikia hucheka, kisha huuliza Siki alirogwa na nani. Mimi huvutiwa zaidi na yule mwingine, aliyeondoka na mkanda. Maana safari yake nzima katika ngumi, kabla ya usiku ule na baada yake, iliamuliwa na mambo mawili: pambano linapigwa kwa nani, na kwa sheria ya nani.

Jina lake Mike McTigue. Alizaliwa Novemba 1892 Kilnamona, jimbo la Clare, magharibi mwa Ireland, katika nchi iliyokuwa ikikimbiwa na watoto wake. Mwaka 1841, kabla ya njaa kuu ya viazi, kisiwa kile kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Kufikia 1911 walikuwa wamebaki milioni 4 na ushei. Njaa yenyewe ilikuwa imepita zamani, lakini utaratibu iliouacha ulibaki: shamba dogo hurithiwa na kijana mmoja, na wengine husubiri barua ya ndugu aliyetangulia Marekani, ikiwa na nauli ndani. McTigue alivuka Atlantiki mwaka 1912, akiwa na umri wa takriban miaka 20, akafikia New York.

Huko alipata kazi ya nyama, kubeba na kukata. Inasimuliwa kwamba siku moja palizuka ugomvi kazini, McTigue akamwangusha mgomvi kwa ngumi moja, na mkubwa wake wa kazi akamshauri asiupoteze mkono ule kwenye nyama ya ng'ombe. Hadithi za namna hii huwa hazikosekani kwa mabondia, na sitamlazimisha mtu aiamini. Lililo wazi ni kwamba kijana wa Kiairishi aliyefika New York na mabega mapana hakuhitaji kuelekezwa ilipo njia ya ulingoni. Wenzake walishaitengeneza. John Morrissey, mzaliwa wa Tipperary, alikuwa bingwa wa ngumi kavu za Marekani miaka ya 1850, na baadaye akaingia Bungeni Washington. Jack Dempsey wa kwanza, siye yule wa uzito wa juu wa miaka ya 1920, alizaliwa Kildare akatawala uzito wa kati. John L. Sullivan alizaliwa Boston, lakini wazazi wake walitoka Ireland. Jina la Kiairishi liliuza tiketi kiasi kwamba vijana wa Kiitaliano na wa Kiyahudi walioanza kuingia ulingoni walikuwa wakijibandika majina hayo ili wapate mapambano.

Ngumi alizozikuta McTigue zilikuwa na sheria ya ajabu. Kuanzia 1911 jimbo la New York liliruhusu mapambano ya raundi 10, kwa sharti kwamba kusiwe na mshindi wa pointi. Usipomwangusha mwenzako akashindwa kuendelea, kengele ya mwisho inalia na kila mtu anakwenda zake. Lengo lilikuwa kuzuia kamari. Matokeo yake, waandishi wa magazeti waliokaa kando ya ulingo ndio waliogeuka majaji: kesho yake asubuhi mcheza kamari alinunua gazeti kujua kama amekula au ameliwa. Sheria hiyo ilifutwa 1917, na ngumi zikapigwa marufuku jimboni humo hadi 1920, ilipopitishwa sheria mpya iliyoleta majaji, raundi 15, leseni na tume ya kusimamia.

Bondia aliyekomaa katika mazingira hayo alijifunza mambo mawili. La kwanza, kutopigwa, kwa sababu hakuna pointi ya kufidia jino lililong'oka. La pili, kwamba kilichotokea ulingoni na kilichoandikwa kitabuni vinaweza kuwa vitu viwili tofauti. McTigue aliyajua yote mawili vizuri mno. Alikuwa mtu wa kusubiri, wa kurudi nyuma, wa kumchokoza mpinzani kwa mkono wa kushoto na kuuweka akiba wa kulia. Mashabiki wa New York walimwona anachosha. Miaka kumi baada ya kufika Marekani bado alikuwa bondia wa kawaida, anayeheshimika lakini asiyeitwa kwenye mapambano makubwa. Mwishoni mwa 1922 alirudi upande wa Ulaya kutafuta riziki, na huko ndiko bahati ilikomkuta, ikitokea kwa mtu aliyekuwa amefungiwa milango.

Siki alizaliwa Saint-Louis, Senegal, mwaka 1897. Jina lake la ukoo ni Fall. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana upande wa Ufaransa akarudi na nishani za ushujaa. Tarehe 24 Septemba 1922, katika uwanja wa Buffalo pembezoni mwa Paris, alimwangusha Georges Carpentier, kipenzi cha Ufaransa nzima, katika raundi ya sita. Mwamuzi akatangaza kwamba Siki amecheza rafu ya kumkwatua mwenzake, kwa hiyo ameshindwa. Uwanja ukalipuka kwa kelele. Watazamaji, walio wengi Wafaransa, walikuwa wameona kwa macho yao, na majaji wakalazimika kubatilisha uamuzi na kumpa Mwafrika huyo ushindi pamoja na ubingwa wa dunia wa uzito ulio chini tu ya ule wa juu, wenye kikomo cha kilo 79.

Miezi michache iliyofuata ilikuwa ya kumvua alichovaa. Magazeti yalimwandika kama kichekesho, yakishangilia picha zake akitembea na mwanasimba mitaani. Shirikisho la ngumi la Ufaransa likamsimamisha kwa kosa la vurugu ulingoni alipokuwa msaidizi wa bondia mwingine. Naye akafichua kwamba pambano na Carpentier lilikuwa limepangwa ashindwe, na kwamba alikaidi akiwa tayari ndani ya ulingo. Suala hilo likafikishwa katika Bunge la Ufaransa na Blaise Diagne, mbunge wa Senegal. Siki alitarajia kupigana na Joe Beckett jijini London, lakini serikali ya Uingereza ikakataa. Mwafrika kumpiga Mwingereza mbele ya umma lilikuwa jambo ambalo wakubwa wa himaya hawakutaka lionekane na watawaliwa wao. Mwaka 1911 walikuwa wamelizuia pambano la bondia mweusi Jack Johnson mjini humohumo.

Kwa hiyo bingwa wa dunia alikuwa na mkanda bila mahali pa kuutetea. Dublin ikasema njoo.

Na Dublin ya Machi 1923 haikuwa mji wa kualika wageni. Dola Huru ya Ireland ilikuwa na umri wa miezi mitatu, na tangu Juni 1922 wananchi walikuwa wanauana wao kwa wao juu ya mkataba uliowatenga na Uingereza nusunusu. Michael Collins, mkuu wa majeshi ya serikali, alikuwa ameshauawa. Serikali nayo ilikuwa inawapiga risasi wafungwa wa upande wa pili. Kufikia mwisho wa vita, waliopigwa risasi kwa amri rasmi walihesabiwa kuwa 77. Wapinzani wakatangaza maombolezo: sinema zifungwe, michezo isimame. Serikali ikajibu kwamba hakuna kufunga. Hapo pambano la ngumi likawa limeshakuwa kipimo cha nani anaitawala Dublin. Lisipofanyika, dola changa imeaibika mbele ya waandishi wa dunia nzima.

Likafanyika. Ukumbi ulikuwa La Scala, jumba la maonyesho lililopakana na Posta Kuu, jengo lile ambalo wanamapinduzi wa 1916 waliliteka na likaungua. Wanajeshi wenye bunduki walizunguka mtaa. Kabla ya mabondia kupanda ulingoni bomu lililipuka jirani, likiwa limetegwa ili kukata umeme wa ukumbi, na vioo vikavunjika mitaani. Taa hazikuzimika.

Pambano lenyewe, niseme kweli, halikuwa na moto wa mlipuko ule. Lilikuwa la raundi 20, miongoni mwa ya mwisho ya ubingwa wa dunia kupigwa kwa urefu huo. Siki alisonga mbele, akirusha ngumi pana. McTigue alirudi, akazunguka, akagusa kwa kushoto, akarudi tena. Pambano likiendelea aliumia kidole gumba cha mkono wa kulia, na tangu hapo akawa anapigana na mkono mmoja na nusu. Kadiri raundi zilivyosogea Siki alipungua kasi, na yule mwenye subira akaanza kuonekana. Mwamuzi Jack Smith, aliyetoka Manchester, ndiye peke yake aliyeshika pointi. Baada ya kengele ya mwisho aliuinua mkono wa McTigue.

Je, alishinda kihalali? Sioni sababu ya kusema kuna mtu aliyeibiwa ushindi. Lakini pambano lililokuwa la kubanana hivyo, lingepigwa Paris mbele ya watu walewale wa Septemba, lingeweza kumalizika vingine, na nadhani McTigue mwenyewe, kwa shule aliyopitia, alilijua hilo kuliko yeyote ukumbini. Mhamiaji aliyeondoka kwao hana kitu alirudi akakuta kwao kunampa kile ambacho New York haikumpa kwa miaka kumi.

Zamu ya kuonja upande wa pili ilikuja upesi. Oktoba mwaka uleule alisafiri hadi Columbus, Georgia, kusini mwa Marekani, kupigana raundi 10 na Young Stribling, kijana wa miaka 18, mtoto wa jimbo hilo. McTigue alifika huko mkono ukiwa mbovu, akataka kujitoa. Meneja wake, Joe Jacobs, alisimulia baadaye kwamba waliambiwa wachague: ulingo au kitanzi mtini. Hata ukipunguza chumvi ya Jacobs, aliyekuwa hodari wa kuiongeza, kumbuka Georgia ya 1923 ilikuwa makao makuu ya Ku Klux Klan, na Klan haikuwachukia watu weusi tu, iliwachukia Wakatoliki na Wayahudi pia. McTigue alikuwa Mkatoliki. Jacobs alikuwa Myahudi.

Walipomaliza, mwamuzi Harry Ertle, waliyekuja naye kutoka kaskazini, alionyesha kona zote mbili: sare. Umati ukaingia ulingoni. Ertle akabadili, akampa Stribling ushindi. Mji ukalala ukijua una bingwa wa dunia. Saa chache baadaye, akiwa amekwisha kutoka mikononi mwa watu, Ertle aliandika na kutia sahihi kwamba uamuzi wake halisi ni ule wa kwanza, sare, na mkanda ukabaki kwa McTigue. Paris umati ulimrudishia Siki haki yake. Columbus umati ulitaka kumpokonya McTigue ya kwake. Kelele ni zilezile, na mwamuzi aliyesimama katikati hana silaha zaidi ya tai yake.

Baada ya hapo McTigue alikuwa mwangalifu hadi kukera. New Jersey ilikuwa bado na ile sheria ya zamani ya pambano lisilo na mshindi wa pointi, na chini ya sheria hiyo bingwa hawezi kupoteza mkanda ila aangushwe. Mara mbili alipigana Newark: na Stribling tena mwaka 1924, na Mickey Walker Januari 1925. Mara zote mbili waandishi waliwapa ushindi wapinzani, na mara zote mbili akarudi nyumbani bado bingwa. Wamarekani walimzomea. Mimi siwezi kumzomea sana. Sheria hakuitunga yeye, na ilikuwa imemnyima ushindi wa halali mara nyingi alipokuwa kijana.

Mei 1925, katika uwanja wa Yankee, New York, mbele ya majaji, hapakuwa na mlango wa nyuma. Paul Berlenbach, mpiganaji mzito wa mkono aliyetokea kwenye mieleka, alimshinda kwa pointi katika raundi 15. McTigue alikuwa anakaribia miaka 33, na wengi walimhesabu kuwa amekwisha.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haikuhitaji nyumbani, umati wala kifungu cha sheria. Akiwa hana mkanda wa kuulinda, yule mzee wa kurudi nyuma alianza kwenda mbele. Januari 1927 alikutana tena na Berlenbach, Madison Square Garden, akammaliza katika raundi ya nne. Mashabiki waliomwita mchoshi kwa miaka mingi wakasimama. Machi akapanda uzito kumkabili Jack Sharkey, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu, akamsumbua hadi raundi ya 12, pambano liliposimamishwa kwa sababu ya damu iliyokuwa ikimtoka McTigue mdomoni. Oktoba akapigania tena ubingwa wa uzito wake na Tommy Loughran, akashindwa kwa pointi. Novemba, Mickey Walker alimwangusha Chicago katika raundi ya kwanza. Yote hayo ndani ya mwaka mmoja, akitimiza miaka 35.

Siki hakuwa na mwaka wa namna hiyo. Naye alikwenda New York, miezi michache baada ya Dublin, akapigana na yeyote aliyekubali kupigana naye, akawa mtu wa baa na ugomvi wa usiku. Desemba 1925 alikutwa amekufa kwa risasi za mgongoni katika mtaa wa 41, Manhattan. Alikuwa na miaka 28, na muuaji hakuhukumiwa. Alizikwa Queens, na mwaka 1993 mabaki yake yakarudishwa Senegal.

McTigue aliendelea kupanda ulingoni kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa. Akawa jina kongwe la kuwekwa mbele ya vijana ili wajipatie sifa. Mwaka 1930 tume ya New York ilimfutia leseni, akiwa na mapambano zaidi ya 150 nyuma yake. Alifungua baa, akaishi nayo kwa miaka kadhaa, kisha maradhi yakamwandama. Alifariki Queens tarehe 12 Agosti 1966, akiwa na miaka 73.