Kisamvu cha mpira na tairi linaloisha upepo

Umejaza upepo, baiskeli ukaiegemeza ukutani, na wiki tatu hukwenda nayo popote. Siku unayoihitaji unabonyeza tairi la nyuma, linabonyea kama chapati. Mshukiwa wa kwanza ni mtoto wa jirani, wa pili ni mbigili. Lakini mara nyingi hakuna aliyetoboa wala kufungulia kitu. Upepo umepita kwenye mpira wenyewe, na historia ya mpira huo inapita hapa hapa Tanga.

Mpira si ukuta. Ni molekuli ndefu mno zilizosokotana kama tambi kwenye sahani, na hazitulii, zinajitikisa muda wote. Zikijitikisa, zinaacha nafasi ndogo sana ambamo molekuli za hewa hujipenyeza, hatua kwa hatua, mpaka zinatokea nje. Ndani ya tyubu hewa imebanwa kuliko nje, kwa hiyo zinazotoka ni nyingi kuliko zinazoingia. Na tyubu ya baiskeli ni nyembamba, hewa yake ni kidogo, hivyo hata upungufu mdogo unausikia miguuni ukikanyaga pedeli.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mpira mbichi ulinata kwenye joto na kupasuka kwenye baridi, hadi Mmarekani Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa unakuwa imara. Mskoti Robert William Thomson alisajili gurudumu la upepo mwaka 1845, lakini halikushika soko. Aliyefanikiwa ni daktari wa mifugo wa Belfast, John Boyd Dunlop, aliyesajili lake mwaka 1888 baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Hapo ndipo dunia ikapata njaa ya mpira. Kwenye Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wanavijiji walilazimishwa kuukusanya kutoka kwenye mibungo ya porini. Walioshindwa kufikisha kiasi walichopangiwa walichapwa, na wengi waliuawa.

Huku kwetu Wajerumani walipanda miti. Kuanzia Tanga hadi Muheza na chini ya milima ya Usambara yalienea mashamba ya mpira wa Ceará kutoka Brazili, ndugu wa karibu wa muhogo. Mashamba yalitaka watu, na watu hawakuwa na haraka ya kwenda. Basi Usambara serikali ikaleta kadi ya kazi: mwanamume alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 ndani ya kila miezi minne. Kisha mwaka 1913 bei ikaporomoka, kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulifurika sokoni. Miti mingi ikang'olewa, mkonge ukatawala. Iliyobaki tunaila: ndiyo kisamvu cha mpira. Ukichuma majani yake nyuma ya nyumba, unachuma masalia ya biashara iliyoendeshwa na matairi.

Dawa ya uvujaji wa polepole ilikuja baadaye. Mwaka 1937 wakemia wa Marekani walibuni butili, mpira wa viwandani ambao molekuli zake zimejaa matawi mafupi yanayobanana. Hazijitikisi kirahisi, kwa hiyo hewa hupata taabu kupenya. Tyubu nyingi za leo ni za butili. Zinapunguza tatizo, haziliondoi.

Sasa, utajuaje kama ni pancha au ni mpira tu? Jaza upepo, kisha paka mate kwenye valvu. Povu likitoka, shida ni valvu. Kwenye zile za zamani, badilisha kale kampira kembamba kanakovalishwa juu yake. Pasipotoka kitu, toa tyubu, ijaze, izamishe kwenye beseni la maji. Tundu litatoa mapovu, lakini hewa inayopenya kwenye mpira haionekani. Ukilipata tundu, papasa ndani ya tairi taratibu uondoe mwiba kabla ya yote, la sivyo kesho utaziba tena.

Kausha tyubu, sugua kwa msasa, paka solusheni, halafu subiri dakika chache mpaka isinate kidoleni. Hapa ndipo wengi wanaharibu kwa haraka. Solusheni ni mpira ulioyeyushwa. Ile dawa ya kuyeyushia isiporuka yote kwanza, kiraka kitabanduka. Ikikauka, bandika na ukandamize kwa nguvu.

Kwa kifupi, tairi likiisha upepo usiku mmoja, tafuta tundu au kagua valvu. Likichukua wiki tatu, chukua pampu, na mtoto wa jirani umwache acheze.