Matibabu ya umma: Je, mlalahoi wa Sagana anayamudu?

ADA za matibabu katika vituo vya umma nchini Kenya zimefutwa na kurejeshwa mara kadhaa tangu uhuru, lakini swali iwapo mwananchi wa kawaida anayamudu lingali palepale. Mjini Sagana, Kaunti ya Kirinyaga, ambako wengi hutegemea kilimo, biashara ndogondogo na vibarua, jibu hutegemea kituo anachokwenda mgonjwa.

Serikali ilifuta ada mwaka wa 1965, kisha ikairejesha Desemba 1989. Katika kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ada ilisimamishwa mwaka wa 1990, lakini baadaye ikarudishwa hatua kwa hatua. Mwaka wa 2004 zahanati ziliagizwa kutoza Sh10 na vituo vya afya Sh20. Juni 2013 malipo hayo nayo yaliondolewa.

Mnamo Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF. Chini ya mpango huo, huduma za zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, hata kwa asiyechanga. Anayelazwa hospitalini, hata hivyo, hulipiwa na bima iwapo tu amekamilisha mchango wake.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hutathminiwa uwezo wa jamaa yake, na hatozwi chini ya Sh300 kwa mwezi. Ugumu ni kwamba hutakiwa kulipia mwaka mzima kwa pamoja, yaani angalau Sh3,600, ilhali kibarua hupata ujira wa siku. Mwaka wa 2025 serikali ilianzisha mkopo wa Lipa SHA Pole Pole ili kupunguza mzigo huo, ingawa mkopo ni deni.

Isitoshe, kuna gharama zisizoonekana kwenye stakabadhi ya hospitali: nauli ya kwenda Kerugoya au Nyeri mgonjwa anapopewa rufaa, dawa za kununua nje zinapokosekana, na siku za kazi zinazompotea mgonjwa na anayemuuguza.

Kipimo kimoja ambacho kimetumiwa kimataifa huhesabu matibabu kuwa mzigo mzito yanapozidi asilimia 10 ya matumizi ya jamaa. Kwa jamaa inayotumia Sh180,000 kwa mwaka, kikomo ni Sh18,000. Kulazwa mara moja bila bima kunaweza kukivuka.

Kwa hivyo nafuu ipo, lakini imo zaidi katika zahanati na kituo cha afya. Dawa zikikosekana huko, neno "bure" hubaki ukutani, naye mgonjwa huingiza mkono mfukoni.