Ripley, kijiji kilichofufuliwa na baiskeli

Ukitoka London kwenda bandari ya Portsmouth kwa barabara ya zamani, baada ya kilomita 37 hivi unafika Ripley, kijiji cha mkoa wa Surrey. Kina mtaa mkuu mmoja, nyumba za matofali mekundu, kanisa, uwanja mpana wa nyasi, na mabaa na nyumba za wageni kuzidi mahitaji ya wenyeji wake. Wageni waliozijaza nyumba hizo walikuja kwa mawimbi mawili, na katikati yake kijiji kilionja njaa.

Wimbi la kwanza lililetwa na farasi. Portsmouth ilikuwa ngome ya jeshi la majini la Uingereza, kwa hiyo maofisa, mabaharia na barua za serikali vilipita Ripley mchana na usiku katika magari ya kukokotwa. Farasi walibadilishwa, abiria wakala, wengine wakalala. Kisha mwaka 1838 reli ikafika Woking, karibu tu na hapo, na baadaye ikasonga hadi pwani. Magari ya farasi yakakosa abiria, mazizi yakabaki matupu, na barabara iliyokuwa na shughuli kuliko nyingi za kusini mwa Uingereza ikawa ya mikokoteni ya wakulima.

Walioiamsha tena ni vijana wa London, miaka ya 1870, wakiwa juu ya baiskeli zile za gurudumu moja kubwa mbele na dogo nyuma. Chombo hicho hakikusamehe mashimo. Gurudumu la mbele likijikwaa, mpanda baiskeli alitangulia kichwa. Ndiyo maana walichagua njia kwa makini kama nahodha anavyochagua mkondo wa kuingilia bandarini, na ya Ripley iliwafaa. Udongo wa upande ule una mchanga na changarawe, maji hayatuami, na vilima vyake havimkatishi mtu tamaa. Kipande kilichopendwa zaidi kilikuwa maili 10, sawa na kilomita 16, kati ya baa ya Angel pale Thames Ditton na Anchor pale Ripley.

Anchor ndiyo iliyojenga jina la kijiji. Mama Dibble, mwenye nyumba, na binti zake Annie na Harriet waliwapokea wageni wao wenye vumbi wakati ambapo hoteli nyingi za Uingereza ziliwaona wapanda baiskeli kuwa wahuni. Walipata nyama, chai, maji ya kunawa na maneno mazuri. Waliandika majina katika vitabu vya wageni, na Jumapili inayofuata wakarudi. Lodi Bury, mkubwa mmoja wa vyama vya baiskeli wa enzi hizo, alikiita kijiji hicho Makka ya waendesha baiskeli, mfano ambao msomaji Mwislamu ana haki ya kuukunjia uso. Wale mabinti wawili walipofariki, katikati ya miaka ya 1890, waendesha baiskeli walichangishana wakawawekea kumbukumbu katika kanisa la kijiji. Wahudumu wa baa kukumbukwa kanisani kwa fedha za wateja wao si jambo la kila siku.

Baiskeli yenyewe wakati huo ilikuwa imebadilika. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa Rover, yenye magurudumu karibu sawa na mnyororo unaozungusha la nyuma, umbo lile lile tunalolijua mpaka leo. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, akaleta tairi la upepo. Hatari ya kupiga mweleka ikapungua, bei nayo ikaanza kushuka polepole. Makarani na wauza vitambaa wakajiunga na vijana wa ukwasi. H. G. Wells, aliyekuwa amepitia mateso ya uanagenzi katika duka la vitambaa huko Southsea, kando ya Portsmouth, alihamia Woking mwaka 1895 akajifunza baiskeli kwenye njia hizo hizo. Mwaka uliofuata alichapisha riwaya ya The Wheels of Chance, ambamo muuza duka wa Putney anatumia likizo yake fupi kuendesha kuelekea Ripley, akianguka mara kwa mara, na huko njiani anahisi kwa mara ya kwanza kwamba naye ni mtu.

Wingi ulileta ugomvi. Wenye farasi walilalamika, watembea kwa miguu walilalamika, na polisi wakajificha nyuma ya vichaka kuwanasa wenye kukimbia mno, ambao walipelekwa mahakamani na kutozwa faini. Sheria ya mwaka 1888 ilikuwa imekwisha kuitambua baiskeli kuwa chombo halali cha barabarani, ikitakiwa kupiga kengele inapompita mtu na kuwasha taa usiku, lakini uhalali haukununua upendo. Wakuu wa mchezo waliogopa kwamba serikali ingewafungia wapanda baiskeli barabara zote, wakaanza kuyakataa mashindano ya watu kukimbizana kwa kundi. Badala yake, mwaka 1895, klabu ya North Road ikaanzisha mbio za kushindana na saa: mmoja mmoja, alfajiri, wamevaa nguo nyeusi wasije wakavuta macho ya askari. Njia zenyewe zilikuja kupewa namba za siri, na mpaka sasa Waingereza hutaja njia za mbio hizo kwa herufi na tarakimu, ingawa hakuna tena askari kichakani.

Kisa kilichoiingiza Surrey katika historia ya wanawake kilitokea Oktoba 1898, jirani na Ripley, katika hoteli ya Hautboy kijijini Ockham. Florence Harberton, mke wa lodi na kiongozi wa chama cha mavazi ya busara, alishuka kwenye baiskeli akaingia kutafuta chakula cha mchana. Alikuwa amevaa suruali pana iliyofungwa chini ya goti. Chama chake, kilichoanzishwa mwaka 1881, kilikuwa kikidai, pamoja na mengine, kwamba nguo za ndani za mwanamke zisizidi uzito wa ratili 7, yaani kilo tatu na ushei. Wazia hao waliokuwa wamevaa zaidi ya hapo wakipanda kilima. Mwenye hoteli, Martha Sprague, alimkatalia ukumbi wa kulia wanawake waungwana, akamwelekeza chumba cha baa, penye wanaume na moshi wa tumbaku.

Chama cha wasafiri wa baiskeli kilimshtaki mwenye hoteli kwa kumnyima msafiri huduma. Kesi ilisikilizwa Kingston mwaka 1899 na chama kikashindwa, kwa kuwa mama yule hakumfukuza mgeni, alimpa chumba kingine tu. Kisheria hukumu hiyo pengine ilikuwa na mantiki. Lakini magazeti yalikwisha kuipigia ngoma, na mtaani kesi ikaamuliwa upande wa pili: suruali ya kuendeshea baiskeli iliendelea kuvaliwa.

Sasa lipo jambo ambalo wapenda magari hulisahau. Waliodai barabara nzuri Uingereza kabla ya gari ni watu wa baiskeli. Mwaka 1886 vyama vyao viliunda jumuiya ya kushughulikia ubovu wa barabara. William Rees Jeffreys, aliyeingia katika harakati hizo kama mpanda baiskeli, alikuja kuwa katibu wa bodi ya kwanza ya taifa ya barabara, iliyoundwa mwaka 1910. Lami waliyoililia ikaja, na gari likaichukua. Barabara ya Portsmouth ikawa A3, na mtaa mkuu wa Ripley ukajaa malori kiasi cha watu kuogopa kuvuka. Waliofufua njia hiyo wakasukumwa pembeni na kitu walichokitengenezea njia wenyewe.

Nafuu ilikuja miaka ya 1970, A3 ilipochepushwa nje ya kijiji. Baiskeli zikarudi, safari hii zikitumia Ripley kama mlango wa vilima vya kusini: Newlands Corner, Leith Hill wenye urefu wa mita 294, na Box Hill na kona zake. Julai 28, 2012, dunia nzima iliziona njia hizo. Mbio za Olimpiki za wanaume, kilomita 250 kutoka London na kurudi, zilipita Ripley zikaenda kuizunguka Box Hill mara tisa. Mshindi alikuwa Alexander Vinokourov wa Kazakhstan. Katika timu ya Uingereza, iliyochoka kuvuta kundi na kuambulia patupu, alikuwamo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefunzwa mchezo huo na David Kinjah katika njia za Kikuyu, na ambaye wiki moja kabla alikuwa wa pili katika Tour de France. Siku nne baadaye alipata shaba katika mbio za saa. Kesho yake baada ya mbio za wanaume, Marianne Vos wa Uholanzi alishinda za wanawake kwenye njia za Surrey hizo hizo, na hakuna aliyemuuliza amevaa nini.

Msomaji aliye London, au mwenye ndugu huko wa kumwazima baiskeli, njia bado ipo. Ifuate barabara ya zamani ya Portsmouth, si A3 mpya yenye mwendo wa magari usiomfaa mtu wa pedali, na utoke Jumapili mapema kabla magari hayajaamka. Ukichoka kurudi, vituo vya treni vya Clandon na Horsley haviko mbali.