Waliopiga Kelele na Waliofungua Vitabu

Mwaka 1999, katika jumba la sinema huko Slovenia, mwanafalsafa Slavoj Žižek alijikuta ameketi jirani na kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hakuweza kujizuia. Filamu ilikuwa inaendelea, na kijana yule alikuwa akipaza sauti kila mara, akistaajabu kwamba kumbe dunia hii si ya kweli, mpaka watu waliomzunguka wakakereka. Oktoba mwaka huohuo Žižek alikisimulia kisa hicho kwenye kongamano la wasomi mjini Karlsruhe, Ujerumani. Alimwita kijana yule mjinga, lakini papo hapo akasema kwamba mshangao wake ni afadhali kuliko tafsiri nzito za wasomi, ambao tayari walikuwa wameanza kuichambua filamu ile kana kwamba ni kitabu cha falsafa.

Filamu hiyo ni The Matrix, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 31 Machi 1999. Zimepita filamu nyingi za ngumi na risasi tangu wakati huo, na nyingi zimesahaulika. Hii imeendelea kugombaniwa na watazamaji wake kwa zaidi ya miaka 25, na ugomvi wenyewe umekuwa na historia yake.

Hadithi yake haina maelezo mengi. Thomas Anderson ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Mchana yuko ofisini, usiku anadukua mitandao kwa jina la Neo. Anakutana na Morpheus, ambaye anamwonyesha vidonge viwili viganjani mwake. Akimeza cha bluu ataamka kitandani kwake na kuendelea na maisha yake. Akimeza chekundu ataonyeshwa ukweli. Neo anameza chekundu, na ukweli anaoukuta ni wa kutisha. Binadamu wamelazwa ndani ya vyombo vilivyojaa majimaji, wamechomekwa nyaya mwilini, na mashine zinavuna nishati yao. Maisha wanayodhani wanaishi ni programu ya kompyuta inayopitishwa vichwani mwao.

Walioiandika na kuiongoza ni ndugu wawili wa Chicago, Lana na Lilly Wachowski, ambao wakati huo walijulikana kama akina kaka Wachowski. Walikuwa wameandika hadithi za vibonzo, na filamu waliyokuwa wameiongoza ni moja tu, Bound ya mwaka 1996. Warner Bros. na washirika wake waliwapa bajeti ya dola milioni 63 hivi, na kazi ikapelekwa Sydney, Australia. Will Smith alipewa nafasi ya kuwa stelingi akaikataa. Nafasi ikamwangukia Keanu Reeves, ambaye alifika mazoezini akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa shingo na kwa muda hakuruhusiwa kupiga mateke.

Mazoezi hayo ndiyo yaliyoijenga filamu. Ndugu hao walimleta kutoka Hong Kong Yuen Woo-ping, bingwa wa kupanga mapigano ya sinema, naye akataka apewe waigizaji wenyewe kwa takriban miezi minne kabla kamera haijawashwa. Desturi ya Hollywood ilikuwa kumtumia mtu mwingine wa kupigana kwa niaba ya nyota, kisha mhariri akakatakata picha ili ujanja usionekane. Yuen alitaka mtazamaji auone uso wa Reeves, wa Carrie-Anne Moss, wa Laurence Fishburne na wa Hugo Weaving wakati mkono unarushwa na mguu unapanda. Kamera ikirudi nyuma na kutulia, mtazamaji anaona kwamba ni wao hasa.

Halafu ikaja picha ile ambayo hata asiyewahi kuitazama filamu nzima anaijua: Neo juu ya paa la jengo, amejipinda kwa nyuma hadi karibu kugusa sakafu, risasi zinapita juu ya kifua chake polepole huku kamera ikimzunguka. Mtaalamu wa madoido ya picha John Gaeta na wenzake walipanga kamera za picha mnato zipatazo 120 kumzunguka mwigizaji, zikapigwa moja baada ya nyingine kwa tofauti ndogo mno ya muda, kisha kompyuta ikaziunganisha picha na kujaza mapengo kati yake. Wakati unakaribia kusimama, na jicho linaendelea kutembea.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Pale juu ya paa Neo hafanyi mbwembwe za stelingi tu. Anaanza kutilia shaka kwamba risasi ni risasi, kwamba paa ni paa, na shaka yake inaonekana kwenye mgongo wake unaopinda. Wazo limeingia mwilini. Kijana wa Slovenia aliyekuwa akipiga kelele hakuhitaji kumsoma mwanafalsafa yeyote ili alishike. Alilishika kwa macho.

Wahakiki walikuwa wagumu zaidi. Roger Ebert wa Chicago aliipa filamu nyota tatu kati ya nne, lakini alisikitika kwamba hadithi iliyoanza kwa kuhoji kama ulimwengu upo iliishia kwenye kufyatuliana risasi. Wengi waliafikiana naye. Watu wa kawaida walirudi kuitazama tena na tena, na mapato yake duniani yakapita dola milioni 460. Machi 2000 ilichukua Tuzo za Oscar nne, zote ilizokuwa imependekezwa. Tuzo ya madoido ya picha iliinyakua mbele ya Star Wars mpya ya George Lucas, ambayo dunia ilikuwa imeisubiri miaka 16.

Teknolojia ya nyumbani nayo ilibadili namna ya kuitazama. DVD ilikuwa bado kitu kigeni, na The Matrix ikawa filamu ya kwanza kuuza zaidi ya nakala milioni moja za DVD nchini Marekani. Tofauti na mkanda wa video, DVD ilimruhusu mtu kusimamisha picha bila mikwaruzo, kurudi nyuma na kukagua kila kona. Watazamaji wakageuka wapelelezi. Waligundua kwamba kitabu ambacho Neo anafichia bidhaa zake za udukuzi ni cha mwanafalsafa wa Kifaransa Jean Baudrillard kuhusu nakala zisizo na asili, na kwamba ndani kimechimbwa. Waligundua kibao cha chuma kwenye chombo anachosafiria Morpheus kinachoelekeza kwenye Injili ya Marko, sura ya 3 mstari wa 11, pale pepo wachafu wanapoanguka mbele ya Yesu na kumkiri. Hata zile herufi za kijani zinazotiririka kwenye skrini zilitafutiwa maana. Aliyezichora, Simon Whiteley, alikuja kueleza kwamba alizitoa kwenye vitabu vya mapishi vya mke wake Mjapani; kwa hiyo mvua ile ya siri imetokana na maelekezo ya kupika sushi.

Basi kila kundi likaja na tafsiri yake. Wakristo walimwona mkombozi anayekufa na kufufuka. Wabudha waliona mafundisho ya kuamka kutoka kwenye ulimwengu wa udanganyifu. Walimu wa falsafa walipata neema isiyo kifani, maana wanafunzi waliokuwa wakisinzia kwa pango la Plato, au kwa pepo mdanganyifu ambaye Descartes alimwazia mwaka 1641, sasa walikuwa wakiuliza maswali wenyewe. Mwaka 2002 kikatoka kitabu kizima cha insha za wanafalsafa kuhusu filamu hii, kilichohaririwa na William Irwin. Mwaka uliofuata Nick Bostrom wa Oxford alichapisha hoja yake maarufu kwamba huenda sisi wenyewe tunaishi ndani ya kompyuta ya viumbe walioendelea kutuzidi.

Baudrillard mwenyewe hakufurahi. Alipohojiwa na jarida moja la Ufaransa mwaka 2003 alisema filamu imemwelewa vibaya. Kwake yeye, ulimwengu wa leo umechanganyika kiasi kwamba hakuna tena mlango wa kutokea kwenda kwenye ukweli; filamu inauweka ukweli upande mmoja na uongo upande wa pili, na kati yake kuna simu ya kukuvusha. Hoja yake ina uzito. Hata hivyo hadithi bila mlango wa kutokea haina safari, na watazamaji walikuwa wamekuja kwa ajili ya safari.

Kulikuwa na upande wa huzuni. Wiki tatu baada ya filamu kutoka, wanafunzi wawili waliwaua wenzao katika shule ya Columbine, Colorado, na makoti yao marefu meusi, yaliyofanana na ya Neo na wenzake, yakawafanya wengi wainyooshee filamu kidole. Miaka michache baadaye, katika mahakama za Marekani, walijitokeza washtakiwa wa mauaji waliodai walidhani wanaishi ndani ya Matrix. Filamu haikuwatia wazimu watu hao, lakini iliwapa lugha ya kuueleza.

Kisha ukaja mwaka 2003, mwaka wa filamu mbili. The Matrix Reloaded ilitoka Mei na kuingiza takriban dola milioni 740. Kwa ajili yake watengenezaji walijenga barabara kuu yao wenyewe, yenye urefu unaozidi kilomita mbili, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la majini huko Alameda, California. Nchini Misri kamati ya ukaguzi wa filamu iliipiga marufuku Juni mwaka huo, ikisema inagusa masuala ya uumbaji na kuwapo kwa binadamu kwa namna inayoweza kuleta mtafaruku, na kwamba ina vurugu nyingi. Filamu ya kwanza ilikuwa imeonyeshwa huko, ingawa baadhi ya magazeti yaliishutumu kwa sababu mji wa mwisho wa binadamu unaitwa Zion.

Novemba 5 ikaja The Matrix Revolutions, iliyofunguliwa kwa wakati mmoja katika miji mingi ya dunia: saa tatu asubuhi New York, saa nane mchana London, saa tano usiku Tokyo. Haikusaidia. Mapato yalishuka hadi takriban dola milioni 427, na watazamaji walitoka wakinung'unika.

Kwa nini? Wengi walisema zimezidi falsafa, wengine zimezidi vita. Ukizitazama leo unaona kwamba pande zote mbili zilikuwa zinalalamikia kosa lilelile. Katika filamu ya kwanza wazo na pigo vilikuwa kitu kimoja. Katika Reloaded vimetenganishwa. Neo anapigana na nakala chungu nzima za adui yake Agent Smith kwa dakika kadhaa, na pambano likiisha anaruka angani na kuondoka. Hajajua jipya, wala mtazamaji hajajua. Baadaye anaingia chumba kilichojaa skrini, na mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyeketi kitini, anamweleza siri ya ulimwengu kwa maneno mazito mfululizo. Mwaka huohuo Will Ferrell alimwigiza mzee yule kwenye sherehe za tuzo za MTV, na ukumbi ukavunjika mbavu. Aliyependa mapigano alichoshwa na hotuba, na aliyependa hoja alichoshwa na ngumi.

Ndugu Wachowski hawakujibu. Mkataba wao uliwaruhusu kutofanya mahojiano, nao walishikilia kwamba maana ni kazi ya mtazamaji. Mwaka 2004, filamu zote tatu zilipotolewa katika seti moja ya DVD, walifanya jambo la nadra katika biashara ya sinema. Badala ya kurekodi maelezo yao, waliweka sauti mbili zinazokinzana juu ya kila filamu. Upande mmoja waliozitetea walikuwa wanafalsafa wawili, Ken Wilber na Cornel West, Mmarekani mweusi ambaye aliigiza kama diwani wa Zion. Upande wa pili walikuwa wahakiki watatu, Todd McCarthy, John Powers na David Thomson, ambao hawakuzipenda, hasa zile mbili za mwisho. Mtu anaweza kubonyeza kitufe na kusikia pigano lilelile likisifiwa, kisha likikosolewa.

Kimya cha watunzi kiliacha nafasi, na nafasi hiyo ilijazwa na watu wasiotarajiwa. Kidonge chekundu kiligeuzwa nembo ya makundi ya wanaume mtandaoni wanaodai kwamba wanawake ndio wanaowakandamiza, kisha kikaenea kwenye siasa za mrengo wa kulia za Marekani. Mei 2020 Elon Musk aliwahimiza watu wakimeze, Ivanka Trump akajibu kwamba ameshakimeza, na Lilly Wachowski akawajibu wote wawili kwa tusi.

Kufikia hapo Lana alikuwa amekwisha kujitambulisha hadharani kuwa mwanamke, mwaka 2012, na Lilly mwaka 2016. Watazamaji waliobadili jinsia walikuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba wanajiona katika hadithi ya mtu anayeitwa kwa jina asilolitaka, na anayehisi kuna kosa katika ulimwengu bila kuweza kulitaja. Agosti 2020 Lilly alithibitisha kwamba hilo lilikuwamo tangu mwanzo. Alieleza kwamba mhusika aitwaye Switch alikusudiwa awe mwanaume katika dunia halisi na mwanamke ndani ya Matrix.

Desemba 2021 Lana alirudi peke yake na The Matrix Resurrections. Humo Thomas Anderson ni mtengenezaji maarufu wa michezo ya kompyuta, na mchezo uliompa jina unaitwa The Matrix. Kampuni mama, inayotajwa waziwazi kuwa Warner Bros., inataka mwendelezo. Vijana wa ofisini wanazunguka meza na kubishana mchezo ule ulihusu nini: huyu anasema ubepari, yule siasa za jinsia, mwingine hataki falsafa, anataka risasi. Maoni ya miaka 22 yameingizwa ndani ya hadithi, na Anderson amekaa kati yao akiwa hana la kusema. Ni onyesho la kijasiri kuliko mengine yote ya filamu hiyo. Lakini Yuen Woo-ping hakuwamo safari hii, na mapigano yalikatwakatwa kwa mtindo uleule aliokuja kuukomesha. Watazamaji waliliona hilo mara moja. Filamu iliingia majumbani kwa HBO Max siku ileile ilipofika kwenye kumbi za sinema za Marekani, na mapato yake ya kumbini hayakufika dola milioni 160.

Aprili 2024 Warner Bros. ilitangaza filamu ya tano, itakayoandikwa na kuongozwa na Drew Goddard. Lana Wachowski atakuwa mtayarishaji mtendaji. Itakuwa ya kwanza kuongozwa na mtu asiye wa ukoo huo.