Mjazaji na Msomaji: Historia ya Mafunzo ya Utunzaji wa Taarifa za Afya kwa Mtazamo wa Kata ya Bugomora, Kagera

Katika zahanati ya kijijini, mtu anayempima mjamzito ndiye pia anayeandika jina lake daftarini, anayehesabu mahudhurio mwisho wa mwezi na anayejaza fomu ya kupeleka wilayani. Kazi hizi mbili za mwisho hazikuwa na jina la taaluma kwa muda mrefu. Zilihesabiwa kuwa kazi za ziada, za kufanywa wagonjwa wakishaondoka. Leo zina jina, zina kozi katika vyuo vya kati na zina shahada katika chuo kikuu. Insha hii inafuatilia safari hiyo kwa kusimama katika kata moja ya pembezoni na kuuliza swali moja: watu wa upande huu wa Kagera walifundishwa nini kuhusu kuandika maradhi, na maandishi hayo yalikuwa ya nani? Hoja yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja mafunzo yalimlenga mjazaji wa daftari, ilhali msomaji alikuwa mtu mwingine, mahali pengine. Vyuo vya kati vimeanza kuubadili mgawanyo huo, lakini si kwa kiasi ambacho majina ya kozi zake yanaahidi.

Bugomora ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mto Kagera unaitenganisha nchi hii ya Wanyambo na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Ndugu, wafanyabiashara na wagonjwa huvuka. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu takriban 425,000 katika Karagwe ya zamani; ile ya mwaka 2012 ilihesabu takriban 653,000 katika wilaya mbili zilizotokana nayo. Ongezeko hilo la zaidi ya nusu katika miaka kumi litarejewa mbele, kwa kuwa ndilo linaloonesha kwa nini suala la msomaji si la kinadharia.

Uandikaji wa maradhi kwa ajili ya serikali uliingia katika eneo hili kupitia Bukoba, ambako Wajerumani walijenga kituo chao mwaka 1890. Mwaka 1897 Wajerumani walichunguza tauni iliyokuwa ikiua watu wa Kiziba, ambao tayari walikuwa na jina lao kwa ugonjwa huo, rubunga, na walikuwa na namna zao za kuukwepa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1907, kambi ya wagonjwa wa malale ilifunguliwa Kigarama, huko huko Kiziba. Katika kampeni ya Wajerumani dhidi ya malale waliajiriwa Waafrika waliofundishwa kupapasa shingo za watu ili kutafuta tezi zilizovimba. Kwa maoni ya mwandishi, hao ndio wahenga wa kweli wa taaluma inayojadiliwa hapa kuliko makarani. Walifundishwa ujuzi mmoja mwembamba, wakautumia kwa majirani zao, na matokeo ya vidole vyao yakawa takwimu katika ripoti zilizosomwa Berlin. Hakuna aliyewafundisha kusoma ripoti hizo.

Utawala wa Waingereza haukubadili mengi katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1920 Tanganyika ilikuwa na wasaidizi wa tiba waliohudumu chini ya mamlaka za wenyeji, wakiosha vidonda, wakitoa dawa chache na kuhesabu mahudhurio. Jumla ya mahudhurio ilichapishwa katika taarifa za mwaka za idara ya tiba kama ushahidi wa kazi iliyofanyika. Kuhesabu mahudhurio kunamwambia mkubwa kama zahanati ina kazi; hakumwambii mtu wa kijijini ni nini kinachomuua.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, afya ya vijijini ilipata uzito mpya. Zahanati na vituo vya afya viliongezeka, na waganga wasaidizi wa vijijini walifunzwa kwa wingi. Lakini kila mpango wa kitaifa ulikuja na karatasi zake. Mpango wa chanjo ulianza mwaka 1975, ule wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mingine ikafuata. Muuguzi yule yule alijaza fomu za mabwana tofauti, kila mmoja akiuliza umri kwa makundi yake na kutaka jibu kwa tarehe yake.

Udhaifu wa mpangilio huo ulidhihirika Kagera kuliko mahali pengine popote nchini. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa huu. Watu walikuwa wameshaupa ugonjwa huo jina la Juliana, kutokana na aina ya nguo za magendo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Jina hilo lilikuwa na taarifa ndani yake: lilitaja biashara, njia na mpaka. Daftari la zahanati halikuwa na safu ya kupokea taarifa ya namna hiyo. Liliandika homa, kuhara, kukonda, kila moja kwa siku yake, bila kuziunganisha. Ukubwa wa tatizo ulikuja kujulikana kwa utafiti maalumu wa mwaka 1987, ulioongozwa na Japhet Killewo na wenzake wa Muhimbili kwa kushirikiana na watafiti wa Sweden. Miongoni mwa watu wazima, maambukizi yalikuwa asilimia 24.2 katika mji wa Bukoba, asilimia 10.0 Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 4.5 Karagwe, na asilimia 0.4 Ngara na Biharamulo.

Takwimu hiyo ya Karagwe inastahili kutazamwa kwa utulivu. Ilipatikana kwa kuchukua damu ya sampuli ya watu, siyo kwa kusoma madaftari yaliyokuwa yamejazwa kwa miaka yote ile. Wala hili si lawama kwa wauguzi, kwa kuwa kipimo hakikuwapo zahanatini. Ni kwamba mwenyeji aliona wagonjwa mmoja mmoja, na picha nzima ikachorwa na waliokuja na vifaa, hesabu na mafunzo ya kuichora. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia mwaka 1994 na kambi kufunguliwa Karagwe pia, mashirika yaliyokuja kuwahudumia yalikuja vilevile na fomu zao na watu wa kuzisoma.

Jibu la serikali kwa wingi wa fomu lilikuwa Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, ulioanzishwa mwaka 1993. Kwa wafanyakazi wa zahanati, MTUHA ni madaftari yenye namba: la 5 kwa wagonjwa wa nje, la 6 kwa wajawazito, la 7 kwa watoto, la 12 kwa wanaojifungua. Ulikuwa mfumo ulioandikwa kwa Kiswahili na uliokusudia kuleta umoja, tena ulikuwa na wazo zuri ambalo husahaulika: kwamba zahanati itumie takwimu zake yenyewe kabla ya kuzituma. Mafunzo, hata hivyo, yalitolewa ngazi kwa ngazi. Mkoa ulifundishwa, mkoa ukaifundisha wilaya, wilaya ikawafundisha wa vituoni kwa semina za siku chache. Katika mafunzo ya aina hiyo kinachosalia mwishoni ni maelekezo ya safu: hapa weka tiki, hapa jumlisha. Sehemu inayohusu maana ya jumla hiyo ndiyo hupunguzwa muda unapokwisha.

Kompyuta ilikuja juu ya msingi huo. Programu ya DHIS ilizaliwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na wazo lake lilikuwa kuwapa wafanyakazi wa wilaya uwezo wa kuona takwimu zao wenyewe. Toleo la pili, DHIS2, liliendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya nchi kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lilienea Tanzania nzima kufikia mwaka 2013. Katika utekelezaji, hata hivyo, kompyuta ilisimama wilayani. Zahanati ziliendelea kujaza madaftari na kupeleka muhtasari wa mwezi ofisini kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambako mtu mwingine aliziingiza. Chombo kilichobuniwa kumrudishia mjazaji usomaji wake kiliishia, kwa zahanati nyingi, kusogeza usomaji hatua moja mbali naye.

Ulinganisho na Marekani unafaa hapa, kwa sababu huko ndiko kozi za taaluma hii zimekuwa nyingi katika vyuo vya jamii. Watunza kumbukumbu za hospitali wa Amerika ya Kaskazini waliunda chama chao mwaka 1928, chini ya Grace Whiting Myers wa Boston. Taaluma ilikuwapo miaka themanini kabla ya serikali kuamua, kwa sheria ya mwaka 2009, kuwalipa madaktari na hospitali ili waweke kumbukumbu kwenye kompyuta. Mwaka uliofuata vyuo vya jamii 82, vilivyopangwa katika makundi matano ya kikanda, vilipewa fedha za kufundisha watu kwa kozi za takriban miezi sita. Waliolengwa walikuwa hasa watu waliokwisha kuwa na uzoefu wa hospitali au wa kompyuta. Mpangilio ulikuwa taaluma, kisha fedha, kisha kozi fupi. Tanzania ilianza na fomu, ikafuata mashine, na taaluma ikaja mwisho.

Ilikuja kupitia mlango wa vyuo vya kati. Sheria ya mwaka 1997 iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi iliweka ngazi za tuzo zinazofahamika kwa wanafunzi wote wa vyuo hivyo, na kozi za taarifa za afya zikapangwa humo, kuanzia astashahada hadi stashahada. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzisha shahada ya mifumo ya taarifa za afya. Kabla ya hapo, kijana wa Kyerwa aliyetaka kazi ya kumbukumbu alielekea kwenye masjala, ujuzi wa majalada ya ofisi unaofundishwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma. Masjala ni ujuzi wa heshima, lakini swali lake ni jalada liko wapi. Swali la taarifa za afya ni jalada linasema nini likiwekwa pamoja na mengine elfu.

Je, kozi hizi zinamlea msomaji? Mfano wa Bugomora unatoa kipimo. Zahanati hupangiwa lengo la mwaka, kwa mfano idadi ya wajawazito wanaotarajiwa, kutokana na makadirio ya sensa. Katika Karagwe ya kati ya 2002 na 2012, makadirio yaliyotegemea kasi ndogo kuliko ile iliyokuja kuonekana yalitoa lengo dogo mno. Mama aliyevuka mto kuja kliniki aliingia katika daftari namba 6, lakini hakuwamo katika lengo. Mambo haya mawili yanatosha kuifanya zahanati ionekane imewafikia wajawazito kwa zaidi ya asilimia mia moja, na huku kuna kitongoji ambacho hakijaleta hata mmoja. Mjazaji huandika asilimia hiyo na kupongezwa. Msomaji huishtukia. Hufungua safu ya makazi, huhesabu waliotoka ng'ambo, huwaondoa, kisha hutafuta kitongoji kilichokosekana.

Tatizo la majina ni la aina hiyo hiyo. Mnyambo mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo na jina la Kinyambo, na watoto wa baba mmoja wasishiriki jina la ukoo. Leo akaandikwa kwa mpangilio huu, mwezi ujao kwa ule, na mashine ikamhesabu kuwa watu wawili. Hakuna mtaala wa jumla utakaomfundisha mgeni jambo hili. Mwenyeji analijua tangu utotoni, ila anahitaji kufundishwa kwamba ni suala la kitaalamu.

Uzito wa usomaji wa karibu ulionekana tena tarehe 21 Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini. Watu tisa walihesabiwa kuugua, wakiwamo wahudumu wa afya, na sita walifariki. Januari 2025 ugonjwa huo ukatangazwa Biharamulo. Katika maradhi ya namna hii dalili ya kwanza huwa ni homa na vifo vya watu wa nyumba moja, vilivyoandikwa pengine katika vituo viwili na kwa siku tofauti. Anayeweza kuviunganisha kabla ya sampuli kufika maabara ni mtu aliye mezani penye daftari.

Kwa sababu hiyo, pendekezo la insha hii kwa watahini wa vyuo vya kati ni dogo. Mazoezi ya vitendo ya mwanafunzi yasifanyike katika hospitali zenye kompyuta peke yake. Sehemu yake ifanyike katika zahanati ya mpakani, na mwanafunzi atahiniwe kwa kukokotoa upya asilimia moja iliyokwisha kutumwa wilayani, akieleza ni nani aliyehesabiwa na ni nani aliyeachwa. Zoezi hilo linahitaji daftari namba 6 la miezi kumi na miwili, penseli, na siku mbili za kukaa na muuguzi aliyelijaza.