Nyangumi na kamba ya mtego: yale waliyojaribu wavuvi wa Marekani, Kanada na Australia

Kusi ikikolea, baina ya mwezi wa saba na wa tisa, mtu aliye Watamu, Diani au Shimoni huenda akamwona nyangumi wa nundu akiruka na kujibwaga majini. Anatoka bahari ya barafu huko kusini kabisa, anakuja kuzaa na kulea kwenye maji yetu ya vuguvugu, kisha anarudi na mtoto wake. Siku hizi watalii hulipa kumtazama. Sisi jina lake tulilijua tangu madrasa, kwa kisa cha Nabii Yunus (a.s.).

Njiani, kwenda na kurudi, mnyama huyu hukutana na kamba za wavuvi. Kwetu hapa hatari kubwa ni jarife na nyavu nyingine za kutega. Malema yetu hutegwa kwenye maji haba karibu na miamba, na kamba yake ni fupi. Lakini ziko nchi ambako mtego, yaani lema la chuma linalotegwa kwa mamia, ndio umekuwa kesi kubwa baina ya mvuvi na nyangumi, kesi iliyofika mpaka mahakamani na bungeni. Makala haya yanaeleza kesi hiyo, kwa sababu habari zake hutufikia vipande vipande, mara tukisikia wavuvi wanaonewa, mara tukisikia wavuvi ni wauaji.

Twende kwanza jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Huko kazi ya watu ni kambakoche, yule mwenye magando mawili makubwa, tofauti na wetu wa mawe asiye na magando. Mwaka 2021 uvuvi huo uliingiza zaidi ya dola milioni 700 katika jimbo hilo pekee. Mvuvi mwenye leseni anaruhusiwa mitego hadi 800. Mtego ni kasha la waya lenye chambo ndani. Linazamishwa, linakaa chini siku kadhaa, kisha linavutwa kwa mashine. Wengine hutega mmoja mmoja, wengine huunganisha mitego kadhaa kwa kamba inayolala chini, mithili ya shanga kwenye uzi. Kila mwisho wa mtungo huo kuna kamba nyingine inayopanda wima hadi juu, kwenye boya. (Kiswahili chetu nacho kina mzaha wake: hapa kamba anavuliwa kwa kamba.)

Mtego wenyewe haumdhuru nyangumi. Kinachomdhuru ni ile kamba ya wima. Katika eneo la bahari kama lile kuna kamba za wima nyingi mno, na nyangumi anapita katikati yake kama mtu anayetembea gizani katika msitu wa kamba za kuanikia nguo. Zamani kamba zilikuwa za nyuzi za mimea. Sisi tunaoujua mkonge wa Vipingo tunajua kwamba kamba ya namna hiyo ikikaa majini huoza, na ikivutwa sana hukatika. Kisha zikaja za plastiki, na kila miaka ikienda zikazidi kuwa imara. Mvuvi alifurahi, na ni haki yake. Nyangumi aliyekuwa akikata kamba na kwenda zake sasa akawa hawezi.

Anayeumia zaidi huko ni nyangumi ambaye jina lake la Kiingereza lina maana ya nyangumi afaaye. Waliompa jina hilo ni wawindaji, kwa sababu alifaa kuwindwa: huogelea polepole, hupenda kukaa karibu na pwani, na akifa huelea. Walimwinda mpaka akakaribia kwisha, na ulinzi wa kimataifa ukaja mwaka 1935. Akaanza kuongezeka kidogo kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa zaidi ya 450, kisha wakaanza kupungua tena. Hesabu za miaka ya karibuni zinawaweka kwenye mia tatu na sabini hivi. Hao ndio wote waliobaki katika Atlantiki ya Kaskazini, na wataalamu wanamjua karibu kila mmoja kwa alama za kichwani mwake na wamempa nambari.

Nyangumi huyu hana meno. Ana vyanuo vya nyuzi ngumu, naye hula kwa kuogelea kinywa wazi, akichuja vidudu vidogo kama punje za mchele. Kamba ikimpita kinywani hunasa kwenye vyanuo. Akishtuka hujiviringisha, na kujiviringisha huko ndiko kunakoifunga kamba kwenye mapezi na mkia. Mwenye bahati hufa maji papo hapo. Wengine huburuta kamba, boya na pengine mtego wenyewe kwa miezi, kamba ikikata nyama hadi mfupa, nguvu zote zikiishia kwenye kuburuta na si kutafuta chakula. Uchunguzi wa picha zao ulioanzia 1980 na kuchapishwa 2012 ulionyesha kuwa asilimia 83 walikuwa na makovu ya kunaswa angalau mara moja, na zaidi ya nusu walinaswa zaidi ya mara moja. Jike aliyedhoofika hivyo hazai, au huchelewa miaka mingi kuzaa tena. Meli nazo huwagonga na kuwaua, hilo lisisahauliwe, na wavuvi hulitaja kila mara kwa haki kabisa.

Mwaka 2017 mambo yalifika pabaya. Maiti 17 zilipatikana, 12 upande wa Kanada na 5 upande wa Marekani. Msimu wa kuzaa uliofuata hakuonekana mtoto hata mmoja. Sababu yake inafaa kutazamwa kwa makini. Maji ya Ghuba ya Maine yamepata joto haraka, vile vidudu vikahama, na nyangumi wakavifuata hadi Ghuba ya St. Lawrence, Kanada. Huko walikuta uvuvi mkubwa wa kaa kwa mitego mizito na kamba nene, na hakuna aliyekuwa amejiandaa kuwapokea. Ulinzi ulikuwa umechorwa kwenye ramani ya zamani.

Mwaka huo huo, tarehe 10 Julai, Joe Howlett alifariki. Alikuwa mvuvi wa kambakoche wa kisiwa cha Campobello, na pia mmoja wa kikosi cha kuwafungua nyangumi walionaswa. Alikata kamba, nyangumi akawa huru, na katika kujirusha kwake akampiga. Namtaja kwa sababu wapo wanaodhani mvuvi na mtetezi wa nyangumi lazima wawe watu wawili tofauti.

Sasa, kumefanywa nini? Marekani ilianza na mpango wake wa kupunguza vifo mwaka 1997. Hatua moja kubwa iligusa ile kamba ya chini inayounganisha mitego. Ilikuwa ya aina inayoelea, kwa hiyo baina ya mtego na mtego ilijikunja juu kama upinde, na nyangumi anayekula karibu na chini alinasa humo. Tangu 2009 sehemu kubwa ya wavuvi wa huko walilazimika kutumia kamba inayozama. Wavuvi walinung'unika, kwa kuwa kamba inayolala kwenye mawe husagika upesi, na gharama ni yao. Kisha ikaja hesabu ya kamba za wima: badala ya kila mtego kuwa na boya lake, unganisha mitego mingi zaidi kwenye mtungo mmoja. Hilo linapunguza kamba, lakini mwenye chombo kidogo na baharia mmoja hawezi kuvuta mtungo mrefu bila kuhatarisha maisha.

Nyingine ni kamba dhaifu. Utafiti uliotolewa 2016 ulichunguza kamba zilizotolewa kwenye miili ya nyangumi, ukaona kuwa kama kamba zingekatika kwa mvuto wa ratili 1,700, karibu kilo 770, kunaswa kwa kutishia maisha kungeweza kupungua kwa asilimia 72 hivi. Nguvu hiyo inatosha kuvuta mitego katika sehemu nyingi za karibu na pwani. Wavuvi wa Massachusetts wenyewe walibuni mkono wa uzi uliosukwa, wazi katikati, unaounganisha vipande viwili vya kamba na kukatika kwa kiwango hicho. Kanuni za 2021 zikaifanya kamba dhaifu, au sehemu dhaifu ndani ya kamba, kuwa lazima. Ila nyangumi mchanga hana nguvu za kukata hata hiyo.

Dawa isiyo na ubishi ni kutokuwapo kwa kamba wakati nyangumi yupo. Ghuba ya Cape Cod, Massachusetts, hufungwa kwa mitego kuanzia Februari mpaka nyangumi waondoke. Kanada, baada ya kipigo cha 2017, iliachana na kutegemea mistari ya kudumu tu. Nyangumi akionekana kwa ndege au sauti yake ikinaswa na vipaza sauti vya chini ya maji, eneo hilo hufungwa kwa siku 15, na wavuvi hupewa muda wa kuondoa mitego. Kwa maoni yangu huo ndio ufungaji wenye akili, kwa sababu unamfuata mnyama. Lakini unahitaji ndege, vifaa na serikali yenye kutoa taarifa kwa wakati, na mvuvi anayeshtukizwa katikati ya msimu hupoteza kipato kwelikweli.

Hapo ndipo ilipozaliwa mitego isiyo na kamba ya wima. Boya na kamba yake hukaa chini, zimefungwa pamoja na mtego. Mvuvi akifika hutuma mlio maalumu ndani ya maji, kifaa kinafunguka na boya linapanda, au mfuko unajaa hewa na kunyanyua mtego. Serikali ya Marekani ina ghala la kuwaazima wavuvi vifaa hivyo wavijaribu. Vizuizi vinajulikana. Kifaa kimoja hugharimu maelfu ya dola. Tena boya si la kuvutia mtego tu, ni alama ya kumwambia mwenzako hapa pana mitego yangu. Lisipoonekana, mwingine atatega juu yako, au meli ya kukokota nyavu itapita na kusomba kila kitu. Kwa hiyo lazima pawe na ramani ya pamoja kwenye skrini za vyombo vyote, na kupata wavuvi wakubali kuonyeshana wanapotega si jambo jepesi. Wetu hapa hawaambiani hata kasa alipoonekana!

Mvutano wa Maine ulizidi 2022. Shirika maarufu la kushauri wanunuzi liliweka kambakoche huyo kwenye orodha nyekundu mwezi wa Septemba, na Novemba cheti chake cha uvuvi endelevu kikasimamishwa. Wavuvi wakajibu kwamba hakuna hata kifo kimoja kilichothibitishwa kutokana na kamba ya Maine. Desemba Bunge la Marekani likaahirisha kanuni mpya hadi mwisho wa 2028, na Juni 2023 mahakama ya rufaa ikawapa wavuvi haki katika kesi yao dhidi ya serikali. Basi Januari 2024 nyangumi jike kijana, nambari 5120, akapatikana amekufa kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard. Kamba aliyokuwa nayo tangu 2022, iliyozama ndani ya mkia wake, ilikuwa na alama ya zambarau. Zambarau ni rangi ambayo Maine iliwataka wavuvi wake waitumie tangu 2020, ili kamba zao zitambulike.

Upande wa pili wa bahari yetu wenyewe, Australia ya Magharibi, kisa kilikwenda kwa utulivu zaidi. Huko wanavua kambakoche wa mawe, ndugu wa huyu wetu, na nyangumi wao ni yule yule wa nundu. Uvuvi ulipoanza kwenda mwaka mzima mnamo 2013, mitego ikakutana na msafara wa nyangumi wa majira ya baridi, na kunaswa kukaongezeka ghafla. Serikali na wavuvi waliketi pamoja, na kuanzia 2014, kwa miezi ya msafara tu, ikakatazwa kamba ya ziada inayoelea juu ya maji, maboya yakapunguzwa, na sehemu ya juu ya kamba ikatakiwa ining'inie wima bila kulegea. Hakuna kifaa cha ajabu hapo. Kunaswa kulipungua kwa zaidi ya nusu.

Kwetu, jambo hili linaweza kubisha hodi kwa njia mbili. Moja ni maneno ya uchumi wa bahari: yakileta mitego ya kibiashara kwenye maji ya kina, kamba ndefu zitakuja pamoja nayo, na ule mtindo wa Australia ni wa bei nafuu kwa mwenye kuanza. Ya pili ni soko. Kanuni ya Marekani ya 2016 inaitaka nchi inayouza samaki huko ionyeshe kwamba uvuvi wake unalinda nyangumi na pomboo kwa kiwango kinacholingana na chao.

Na ukimkuta aliyenaswa, leo au kesho, usiruke majini na kisu. Kaa mbali na mkia, andika mahali na saa, piga picha ya kamba na rangi yake, uwaarifu BMU yako na KWS. Usiikate kamba anayoiburuta wala boya lake. Wakombozi hushika kamba hiyo hiyo ili wamfikie, nawe ukiikata, ile iliyombana kinywani na mkiani inabaki, na hakuna tena pa kumshikia.